Matamshi ya Wenyeji na Majina ya Mahali katika Uskoti

Msomaji wa Kiswahili amezoea neema moja ambayo aghalabu haifikirii, nayo ni kwamba jina la mahali huandikwa kama litamkwavyo. Aonapo Bagamoyo, Pangani au Mkokotoni katika ramani, ulimi wake hautaabiki, hata kama hajapata kufika huko. Walakini msomaji huyo huyo akikunjua ramani ya Uskoti atakutana na majina yasiyosomeka kwa kufuata herufi zake. Mji ulioandikwa Milngavie, kaskazini ya Glasgow, wenyeji huuita Malgai. Mji wa Kirkcudbright, katika pwani ya kusini-magharibi, huitwa Kirkubri. Ngome ya Culzean huitwa Kalein, na kisiwa cha Islay huitwa Aila.

Jambo hili huelezwa kwa njia mbili. Wengine husema kwamba wenyeji wameyaharibu majina kwa uvivu wa ulimi. Wengine husema kwamba makarani wa kale hawakujua kuandika. Majibu yote mawili yana upungufu mmoja: yanachukua kwamba upande mmoja ni wa haki na upande wa pili ni wa kosa, kisha yanafunga shauri. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba tofauti iliyopo kati ya herufi na sauti ni ushahidi wa historia. Kwamba tofauti hiyo si ya namna moja bali ni ya namna tatu. Na kwamba mchunguzi asiyepambanua namna hizo atakosea asili ya jina, na pengine atakosea na habari za watu waliolitoa. Matamshi nitayaandika kwa herufi za Kiswahili, kwa kadiri zinavyoweza kuzibeba sauti za huko.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba Uskoti haijapata kuwa nchi ya lugha moja. Kabla ya mwaka 800 hivi, sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ilikaliwa na Wapikti, ambao lugha yao, kwa kadiri ijulikanavyo, ilikuwa jamaa ya Kiwelsi. Na kusini-magharibi ilisemwa lugha nyingine ya jamaa hiyo hiyo. Upande wa magharibi walikuwako Wagaeli, ambao lugha yao ilikuwa moja na ile ya watu wa Ireland. Kusini-mashariki waliingia Waanglia, na katika usemi wao ndimo kilimozaliwa Kiskoti. Tangu mwisho wa karne ya 8 walifika Wanorwe kwa vyombo vyao, kwanza kwa kupora, baadaye kwa kulima na kukaa. Visiwa vya magharibi vilikuwa chini ya mfalme wa Norwe hadi mkataba wa Perth wa mwaka 1266, na visiwa vya Orkney na Shetland viliwekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti katika miaka ya 1468 na 1469, wala havikukombolewa tena.

Kila watu walipoingia katika ardhi ya wengine walipokea majina waliyoyakuta, wakayatamka kwa ulimi wao. Neno moja la Wanorwe, bólstaðr, ambalo maana yake ni shamba la makazi, latosha kuwa mfano. Katika Orkney, ambako usemi wa Kinorwe ulidumu kwa karne nyingi, neno hilo limekuwa -bister, kama katika Isbister. Katika kisiwa cha Lewis, ambako Wagaeli walilirithi, limekuwa -bost, kama katika Shawbost. Katika Sutherland limepungua likawa -bo, kama katika Skelbo, na katika Islay limekuwa -bus. Shamba ni lile lile na neno ni lile lile, lakini kila mahali panaonyesha ni nani aliyelipokea neno hilo. William J. Watson, aliyechapisha mwaka 1926 kitabu chake kikubwa cha historia ya majina ya Kikelti ya Uskoti, alilijua jambo hili vema. Yeye mwenyewe alikuwa msemaji wa Kigaeli, na desturi yake ilikuwa kuweka maandishi ya kale upande mmoja, na matamshi ya watu wa mahali penyewe upande wa pili, ndipo akate shauri.

Namna ya kwanza ya tofauti ni ile ambayo herufi zimesimama mahali pake, na ulimi umeendelea na safari. Kirkcudbright ni mfano ulio wazi. Jina hili maana yake ni kanisa la Cuthbert, yule mtakatifu wa kaskazini ya Uingereza aliyefariki mwaka 687. Katika maandishi bado aonekana karibu mzima; katika sauti ya wenyeji amebaki kipande tu. Hapa mwenye kusikia Kirkubri peke yake hawezi kumjua Cuthbert, na karani wa kale atakuwa ametufanyia hisani. Mji wa Hawick katika wilaya za mpakani, ambao wenyeji huuita Hoik, na mji wa Strathaven, ambao huitwa Streivin, ni wa namna hii pia. Lakini katika huo wa pili msomaji atahadhari. Ataona mwishoni kama kwamba pana neno haven, maana yake bandari, naye atashangaa kuona kwamba mji wenyewe uko bara, mbali na bahari. Kwa hakika hapana bandari: strath ni bonde pana, na sehemu iliyobaki ni jina la mto Avon upitao hapo. Herufi h ni ya neno la kwanza, si ya neno la pili. Matamshi ya wenyeji, ambayo hayana h yoyote ya bandari, humwokoa mgeni na kosa hilo.

Herufi zenyewe nazo hazistahili kuaminiwa bila hoja. Mji wa Kirkcaldy, ambao wenyeji huuita Kirkodi, unaanza kwa neno lifananalo na kirk, yaani kanisa. Wachunguzi wengi wakubali kwamba hapana kanisa katika asili yake. Mwanzo wa jina ni caer, neno la lugha ile ya kale iliyo jamaa ya Kiwelsi, na maana yake ni ngome. Watu waliokuja baadaye hawakulijua neno hilo. Walilijua kanisa, basi wakaliandika kanisa. Hili ndilo jambo litokealo mahali pote pale ambapo sikio hukutana na sauti isiyoijua: huichukua sauti iliyo karibu nayo katika lugha yake lenyewe.

Namna ya pili ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa asili yake si katika ulimi wala katika sikio, bali katika karakana ya mpiga chapa. Waandishi wa Kiskoti wa zama za kati walikuwa na herufi iliyoitwa yogh, yenye umbo karibu na tarakimu 3, yaani ȝ. Ikifuata n, ilionyesha sauti ambayo Mswahili huiandika ny, kama katika nyumba. Mfalme James wa Nne alitoa idhini ya kupiga chapa Edinburgh mwaka 1507, na kitabu cha kwanza chenye tarehe kilitoka mwaka 1508. Wapiga chapa waliofuata walitumia herufi za risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine, na katika masanduku yao yogh haikuwamo. Kwa kuwa z ya mkono wa siku zile ilikuwa na mkia na kufanana nayo, wakatia z mahali pake. Tangu hapo macho yakaanza kusoma z mahali ambapo hapakuwa na z kabisa.

Mwenye kujua Kiswahili ana nafasi njema ya kulifahamu jambo hili kuliko Mwingereza, ambaye lugha yake haina herufi za kuionyesha ny. Katika jina la ukoo la Menzies, ambalo ndilo jina la ngome moja katika Perthshire, tukiondoa z na kuweka ny tutapata sauti iliyokuwako hapo kale. Na sauti hiyo katika vinywa vya watu imesogea nyuma kidogo ikawa ng' ya ng'ombe, hata leo Waskoti husema Ming'is. Kijiji cha wavuvi cha Cockenzie, mashariki ya Edinburgh, wenyeji wa asili walikiita Kokeni, bila z. Culzean ni hivyo hivyo: herufi iliyofuata l ilikuwa yogh, na Kalein ya wenyeji haijapata kuwa na z. Visiwa vya Shetland, ambavyo Wanorwe waliviita Hjaltland, viliandikwa kwa yogh, kisha kwa z, na baraza la wilaya liliendelea kutumia jina la Zetland hadi mwaka 1975. Katika majina haya yote asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa sahihi, na aliyesoma ndiye aliyepotezwa.

Kosa la mwandishi laweza kuwa kubwa zaidi ya hilo. Kisiwa kitakatifu cha magharibi, ambako Columba alijenga nyumba yake ya watawa mwaka 563, chajulikana duniani kwa jina la Iona. Adomnán, mkuu wa nyumba hiyo aliyefariki mwaka 704, aliandika kwa Kilatini Ioua insula, yaani kisiwa cha I. Wanakili wa baadaye waliisoma u kuwa n, na kutoka katika kosa hilo likazaliwa jina ambalo sasa hakuna atakayeliondoa. Lakini Wagaeli wa upande ule hawakunakili kitabu. Kwao kisiwa ni Ì, au Ì ya Columba, kama kilivyokuwa kabla ya wino kukosea.

Namna ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwa mchunguzi wa lugha. Nayo ni majina ya Kigaeli yaliyoandikwa na watu wasiojua Kigaeli, kwa tahajia ya Kiingereza au ya Kiskoti. Kigaeli kina tahajia yake, yenye kanuni na yenye kufuatana na sarufi. Lakini makarani wa ardhi na wa mahakama hawakuitumia. Walisikia jina, wakaliandika kama walivyoweza. Katika hali hii maandishi hayahifadhi asili. Asili yote imo kinywani.

Mji wa Kingussie, katika milima ya kati, ni ushahidi mwema. Msomaji wa Kiingereza atasoma king, yaani mfalme, kisha atatamka g ya pili kwa nguvu. Wenyeji husema King'yusi, na g ya pili haisikiki. Kwa Kigaeli jina ni Ceann a' Ghiùthsaich, maana yake kichwa cha msitu wa misonobari, yaani mwisho wake. Neno giùthsach likiwa peke yake huanza kwa g. Lakini likitawaliwa na neno jingine katika hali ya umilikishi, kama hapa, g hiyo hulegea, na mbele ya irabu ya namna ile husikika kama y. Mswahili hatashangazwa na kanuni ya namna hii, kwa kuwa kwake ulimi mmoja huwa ndimi mbili, na mtu mrefu hukaa katika nyumba ndefu. Sauti ya mwanzo wa neno hubadilika kwa amri ya sarufi. Basi ile y ya Kingussie si uzembe. Ni kanuni ya sarufi ya Kigaeli iliyohifadhiwa vinywani mwa watu ambao wengi wao leo hawasemi Kigaeli. Mwenye kuitamka g, akidhani kwamba anasema kwa ufasaha, anaiondoa kanuni hiyo katika jina.

Milngavie nayo ni ya namna hii. Sehemu ya kwanza ni muileann, yaani kinu. Katika sehemu ya pili wataalamu hawajapatana kama mwenye kinu alikuwa David au Gavin. Katika shauri hilo v ya maandishi haina budi kupimwa pamoja na Malgai ya wenyeji, ambayo haina v kabisa. Islay huonyesha upande mwingine wa jambo. Kwa Kigaeli kisiwa ni Ìle, wala hapakuwa na s. Herufi hiyo iliingizwa na waandishi waliolifikiria neno la Kiingereza isle, ambalo maana yake ni kisiwa. Wenyeji hawakuitia s hiyo katika usemi wao, nao wamekuwa wakiulizwa na wageni kwa nini hawaitamki.

Hapo pana swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa: ni nani aliyeulizwa majina haya yalipokuwa yakiandikwa? Kwa sehemu kubwa ya nchi tunaweza kulijibu, kwa kuwa wapimaji wa Ordnance Survey, waliofanya kazi ya ramani kubwa za Uskoti tangu miaka ya 1840 hadi karibu na mwaka 1880, waliacha vitabu vya majina. Katika kila ukurasa pana safu ya jina, safu ya namna lilivyoandikwa, na safu ya watu waliothibitisha tahajia. Waliopewa uzito walikuwa wenye mashamba makubwa, makasisi na walimu. Mpangaji mdogo na mchungaji wa kondoo, ambao walikanyaga kila kilima na kukiita kwa jina lake kila siku, ushahidi wao ulihesabiwa kuwa hafifu. Mwaka 1872 ilitoka sheria ya elimu ya Uskoti ambayo haikukitaja Kigaeli hata kidogo, na watoto wa wachungaji hao wakafundishwa kusoma majina ya vilima vyao wenyewe kwa tahajia ya ramani.

Matokeo yake yaonekana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, waliosema kwamba wana ujuzi wa namna fulani wa Kigaeli walikuwa kiasi cha 130,000, yaani asilimia 2.5 ya watu wa Uskoti wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Sauti ya kh, ambayo Mswahili wa pwani huijua katika kheri na sheikh, ndiyo sauti ya mwisho ya neno loch, yaani ziwa. Na ndiyo iliyomo katika jina la kijiji cha Avoch, kiitwacho Okh, na katika Kilconquhar ya Fife, iitwayo Kinakhar. Wachunguzi wa usemi wa Glasgow wameona kwamba vijana wengi hutia k mahali pa kh, kama vile kwetu kheri ilivyokuwa heri kwa wengi wa watu wa bara. Mji wa Lenzie, ulioandikwa zamani kwa yogh, sasa hutamkwa kwa z na kila mtu. Huko chapa imekwisha kushinda. Tena siku hizi ziko mashine zinazosema ndani ya magari na kumwelekeza dereva njia, nazo huanza na herufi. Mgeni anayehamia mjini hulisikia jina kutoka katika mashine kabla ya kulisikia kwa jirani.

Haifai kudhani kwamba hakuna aliyetambua hatari hii. School of Scottish Studies, iliyoanzishwa mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, iliwapeleka wachunguzi mashambani na visiwani wakiwa na vinasa sauti, na majina ya mahali yalikuwa miongoni mwa waliyoyakusanya. Sheria ya mwaka 2005 ilikipa Kigaeli ulinzi wa serikali, na sheria nyingine ya mwaka 2025 ilikipa Kigaeli pamoja na Kiskoti hadhi ya lugha rasmi. Vibao vya stesheni nyingi za gari la moshi vina jina la Kigaeli chini ya lile la Kiingereza. Hayo ni mema. Lakini kibao ni maandishi tena: humwambia msafiri jinsi jina lilivyoandikwa na Wagaeli, wala hakimwambii jinsi lisemwavyo na mtu aliyezaliwa hapo.

Shauri hili si la Uskoti peke yake, na ushahidi wa karibu tunao katika Kenya. Mwaka 1898 wamisheni wa Kiskoti walihamisha kituo chao kutoka Kibwezi wakaenda Kikuyu. Mahali walipokaa paliitwa na wenyeji Thogoto, nalo ni jina la Uskoti lililopita katika ulimi wa Wagikuyu. Lugha hiyo haina s, basi th ikachukua nafasi yake. Haipendi konsonanti mbili zifuatane, basi irabu ikaingia kati. Na k ikitangulia silabi yenye t hugeuka kuwa g, kwa kanuni ile ile iliyofanya watu hao wajiite Gĩkũyũ, ilhali Waswahili huwaita Wakikuyu. Hapana lililoharibika katika jina hilo. Kila sauti yake ina sababu, na mtu asiyejua lolote juu ya wamisheni, akiwa ajua kanuni za Kigikuyu, angeweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaifikia Scot.

Na hapa msomaji wa Kiswahili hugeuka kuwa mgeni. Akiiona th ya Thogoto ataisoma kama th ya thelathini, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Wagikuyu hawaitamki hivyo. Th yao ni karibu na dh ya dhahabu. Tahajia yetu iliyosanifiwa ni tahajia njema kwa Kiswahili, lakini majina mengi katika nchi zetu si ya Kiswahili, na herufi zile zile zikivuka mpaka wa lugha hubeba sauti nyingine. Mreno aliyeandika Quiloa aliposikia Kilwa, na karani aliyeandika Kingussie, na msomaji wa habari anayetamka Thogoto kwa th ya thelathini, wote watatu wamo katika safari moja.

Kwa hiyo jina lililokusanywa bila sauti yake ni nusu ya jina. Maandishi huweza kumhifadhi Cuthbert ambaye ulimi umemsahau, na ulimi huweza kuhifadhi sarufi ambayo maandishi hayakuijua. Na palipo na z ya mpiga chapa au n ya mnakili, ni ulimi peke yake utakaotuonyesha kosa. Hatuwezi kujua mapema ni lipi kati ya hayo litakalotufaa, na mwenye kuitamka sauti ya zamani aghalabu ni mzee. Mkusanyaji wa majina afikapo mahali, aulize kwanza na kusikiliza kwa watu wa pale pale, wakubwa na wadogo. Aandike ni nani aliyetamka, mzaliwa wa wapi, na mwaka gani. Na karatasi yake iwe na safu ya sauti kabla ya safu ya herufi.